Rimoti inafungua, injini haiwaki: kisa cha ufunguo uliobadilishwa ganda mkoani Mtwara

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa umeme wa magari, hasa vijana wa kusini wanaofanya kazi chini ya mwembe na begi la vifaa begani. Majina, namba ya gari na mitaa nimeviondoa. Mwenye gari ameridhia kisa chake kifundishie wengine, na fundi aliyenitangulia tulizungumza kabla sijaandika.

## Usuli

Mwenye gari ni mwalimu wa sekondari, mama wa makamo anayeishi upande wa Mikindani na kufundisha Mtwara mjini. Gari lake ni Toyota ndogo ya familia yenye injini ya 1NZ-FE, iliyotumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Lilikuja na ufunguo mmoja tu, wa kuchomeka kwenye swichi, wenye vitufe viwili vya rimoti kichwani. Magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam huja hivyo, na mwenyewe hukumbuka habari ya ufunguo wa pili siku ule wa kwanza unapomletea shida.

Gari hili lina immobilaiza ya kiwandani, yaani mfumo unaoizuia injini kuwaka bila ufunguo wenye chipu inayotambulika. Nasema "hili" makusudi. Ulaya magari mapya yalilazimishwa kuwa nayo mwaka 1998, Australia 2001, Kanada 2007. Lakini kwa magari tunayoyapokea kutoka Japani unaweza kukuta mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja, moja linayo na jingine halina. Fundi aliyezoea kutengeneza lile lisilo nayo anapokutana na lenye nayo hana sababu ya kuiwazia, kwa kuwa boneti ni ileile na injini ni ileile. Ishara zake ziko ndani ya gari: taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi inayopepesa ufunguo ukiwa umetolewa, na pete ya plastiki inayozunguka tundu la swichi, yenye plagi na waya zake.

## Vitu viwili ndani ya ganda moja

Sehemu hii naomba isomwe polepole, kwa sababu kisa chote kimelala hapa.

Kichwa cha ufunguo wa aina hii kimebeba vitu viwili visivyohusiana. Cha kwanza ni rimoti: bodi ndogo ya saketi, vitufe na betri ya sarafu. Kazi yake ni milango, basi. Cha pili ni chipu ya immobilaiza. Chipu haina betri, haina waya, wala haijaunganishwa na bodi ya rimoti. Katika ufunguo huu ni kipande cheusi chenye umbo la kabari, milimita 12 kwa 6 kwa 3, kilichokaa kwenye kishimo chake ndani ya plastiki na kushikwa na tone la gundi. Ukifungua ganda huku macho yako yako kwenye bodi na vitufe, chipu huioni. Rangi yake ni ya plastiki ileile.

Ufunguo unapoingia kwenye swichi, koili iliyo ndani ya pete hutoa mawimbi ya kilohezi 134.2, na mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu umeme wa kuamka. Kisanduku cha immobilaiza kilichofichwa nyuma ya dashibodi huitumia chipu namba ya kubahatisha. Chipu huipigia hesabu namba hiyo kwa siri iliyomo ndani yake na kurudisha jibu. Kisanduku nacho kina siri hiyohiyo, kwa hiyo hufanya hesabu yake na kulinganisha. Majibu yakilingana, taa nyekundu inazimika na kisanduku kinaiarifu kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba ruhusa ipo. Na hao wawili, kisanduku na kontrolo boksi, wana namba yao ya kutambuana. Ukileta kontrolo boksi ya gari jingine, kisanduku kitaongea nayo lakini hawataelewana.

Ruhusa ikikosekana, kwenye Toyota za rika hili selfu huzunguka kama kawaida. Plagi hazipati moto na nozeli hazimwagi mafuta. Gari linakuwa kama lenye ugonjwa wa injini, kumbe injini ni nzima na inasubiri kuambiwa.

## Mlolongo wa matukio

Mwezi wa pili, mvua za kusini zikiwa zimekolea, ganda la ufunguo wa mwalimu lilipasuka pale kwenye tundu la kuvalia pete. Vitufe vikawa vinazama ndani. Jumamosi alimtuma mpwa wake mjini kwa bodaboda na ufunguo peke yake, gari likabaki nyumbani. Kijana wa kibanda cha funguo alihamisha bodi ya rimoti na shina la ufunguo kwenye ganda jipya. Mpwa aliporudi alibonyeza kitufe uani, milango ikafunguka, wote wakaridhika. Hakuna aliyewasha injini, kwa sababu hakukuwa na safari. Jumapili mvua ilinyesha mchana kutwa. Jumatatu alfajiri mwalimu akapiga selfu, gari likazunguka bila kuwaka.

Ona jinsi mambo yalivyopangana. Kati ya ganda kubadilishwa na gari kugoma kulikuwa na siku ya mvua kubwa, na kila aliyesikia habari hiyo alisema neno moja: maji.

Fundi wa kwanza alianzia huko. Alikausha koili za plagi, akakagua fyuzi, akachomoa plagi na kuona hakuna moto. Akaweka taa ya majaribio kwenye waya za nozeli, nayo haikupepesa. Kukosa moto na mafuta kwa pamoja kulimwambia chanzo ni kimoja kinachotangulia vyote viwili, na kwa kufikiri hivyo alikuwa sahihi kabisa. Alibadilisha sensa ya krenki, inayoipa kontrolo boksi habari ya mzunguko wa injini. Hali ikabaki vilevile. Akachomeka kifaa chake kidogo cha blutuuthi cha kusomea kodi, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta za gari, kikasema hakuna hitilafu. Akahitimisha kwamba kontrolo boksi imekufa kwa maji.

Kontrolo boksi ya mitumba iliagizwa Dar es Salaam, ikafika kwa basi na kufungwa. Gari halikuwaka. Muuzaji alitaka ile ya zamani irudishwe ili apunguze bei, lakini fundi aliiweka kwenye buti akisema, "Hii haitoki humu mpaka gari liwake." Uamuzi huo mdogo ndio uliookoa kazi nzima baadaye, nami nilimwambia hivyo.

Mwalimu ndipo aliponipigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Gari limenigomea na hela zimekwisha. Na usije ukaniambia ufunguo, maana ufunguo ni mzima. Rimoti inafungua milango."

Nilipofika nilianza na maswali kabla ya vifaa. Gari liliwaka lini mara ya mwisho? Tangu hapo ni kitu gani kimeguswa, hata kile unachoona hakihusiani? Mwalimu alitaja mvua, betri iliyochajiwa, sensa na boksi. Mpwa wake, aliyekuwa amesimama mlangoni akizungusha ufunguo kidoleni, akasema, "Na ganda la ufunguo, mama mdogo. Ila lile ni ganda tu."

Hapo nilikuwa na dhana, lakini sikuwa na ushahidi. Dhana haifungui kazi kwenye gari ambalo limeshaguswa na mikono mingi.

Nikapima betri kwanza. Ilikuwa imechoshwa na selfu za siku kadhaa, nikaunganisha betri ya msaada, kwa kuwa voti ikishuka visanduku vya umeme huanza kutoa kodi za uongo. Kisha nikatoa ufunguo na kutazama dashibodi: taa nyekundu ikapepesa. Nikauingiza na kuwasha swichi: taa ikaendelea kupepesa. Kwa gari lenye afya ilipaswa izime mara moja. Kipimo hicho hakina gharama, hakihitaji mashine, na kilikuwepo tangu Jumatatu alfajiri.

Mashine inayoweza kuingia kwenye kisanduku cha immobilaiza ilitoa B2796, maana yake kisanduku kinaita na hakuna chipu inayojibu. Kama ingekuwepo chipu ya gari jingine, kodi ingekuwa B2795, chipu isiyotambulika. Tofauti ya kodi hizi mbili ni kubwa sana kwa fundi: ya kwanza inakutuma kutafuta chipu iliyokosekana, koili ya pete au waya zake, ya pili inakutuma kwenye usajili. Upande wa kontrolo boksi ya mitumba nilikuta B2799, ya kutoelewana kati ya injini na immobilaiza. Gari sasa lilikuwa na matatizo mawili, na la pili lilikuwa limeletwa na matibabu ya la kwanza. Kifaa cha blutuuthi hakikuyaona yote haya kwa sababu husoma kodi za injini zinazoanza na P tu.

Nikatazama mizunguko ya injini kwenye mashine wakati selfu inazunguka. Ilionekana, mizunguko mia mbili na ushei kwa dakika, kwa hiyo sensa ya krenki ilikuwa inafanya kazi. Fundi akiwa na mashine yenye kuonyesha namba hiyo, sensa ya krenki hainunuliwi kwa kubahatisha.

Ikabaki kujua nani yuko kimya: pete au ufunguo. Ninacho kidude cha koili na taa ndogo, ambacho ukikishika karibu na tundu la swichi kinawaka kama pete inatoa mawimbi. Kiliwaka. Pete na kisanduku vilikuwa vinaita. Nikauweka ufunguo kwenye kipimio cha chipu: mawimbi ya rimoti yapo, chipu hakuna. Nikalifungua ganda jipya kwa ncha ya kisu mbele ya mwalimu. Bodi ilikuwepo, betri ilikuwepo, na pembeni yake kishimo cha kabari kilikuwa kitupu, plastiki yake ikimeta bila hata doa la gundi.

Mwalimu alikitazama kishimo kile muda mrefu. Akauliza, "Sasa kitu chenyewe kiko wapi?"

Kilikuwa kibandani. Kijana wa funguo hatupi maganda mabovu, huyaweka kwenye kopo la rangi ili achomoe vitufe vyake siku za mbele. Tuliyamwaga mezani na kuyapitisha kwenye kipimio moja moja. Zaidi ya ganda moja liliitika. Jambo hilo lilinitia simanzi, kwa sababu kila ganda lililoitika ni gari la mtu ambalo huenda limesimama mahali fulani, linabadilishiwa pampu au boksi. Letu tulilitambua kwa ule ufa wa kwenye tundu la pete.

Sikuichokonoa chipu. Kipande kile ni kigumu lakini hupasuka kikibanwa upande mmoja, na kikipasuka hakuna wa kukiunganisha. Tulirudi Mikindani na ganda bovu likiwa hivyohivyo. Nikatenganisha betri, nikarudisha kontrolo boksi ya asili kutoka kwenye buti baada ya kukagua pini zake zote kwa tochi, nikaunganisha tena. Kisha nikaingiza ufunguo wenye ganda jipya kwenye swichi, na kwa mkono mwingine nikalishika ganda bovu likigusa pete. Taa nyekundu ikazima. Nikapiga selfu, injini ikashika mara moja.

Baada ya hapo ndipo nilipokata plastiki kuzunguka chipu kwa kisu chembamba, nikaipachika kwenye kishimo cha ganda jipya kwa tone la gundi.

## Maamuzi na sababu zake

Kurudisha kontrolo boksi ya asili badala ya kuiunganisha ya mitumba. Njia ya kuifundisha boksi ngeni ipo kwenye Toyota nyingi za rika hili: unaunganisha kwa waya pini ya 13 na pini ya 4 za soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya uchunguzi, iliyo chini ya usukani, unawasha swichi bila kupiga selfu, unasubiri dakika 30, unazima na kutoa waya. Niliiacha kwa sababu hapakuwa na ushahidi wowote kwamba boksi ya asili ni mbovu. Ukiwa na kifaa kizima cha gari lenyewe, kianze hicho, ili ubaki na tatizo moja. Nikiwa hapo niwatahadharishe wanaoijaribu njia hii: pini ya 16 ya soketi hiyo ina umeme wa betri moja kwa moja. Ukihesabu pini vibaya ukaigusisha na ya 4, fyuzi ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Kutoiondoa immobilaiza. Mtu mmoja wa karibu na familia alishauri mfumo wote ukatwe ili "usumbufu uishe". Wapo mafundi wanaofanya hivyo, ama kwa kubadili programu ya kontrolo boksi, ama kwa kufunga boksi ya gari lisilo na immobilaiza. Nilikataa, na nilimweleza mwalimu kwa nini. Mfumo haukuwa mbovu mahali popote. Ulikutana na ufunguo usio na chipu ukakataa kuwasha gari, na hiyo ndiyo kazi uliyowekewa. Ukiukata, gari litawashwa na yeyote mwenye bisibisi na kuwekewa ufunguo wa kuchonga wa chuma kitupu.

Kutengeneza ufunguo wa pili papo hapo. Mwalimu alitaka kusubiri mshahara. Nilimsihi tusisubiri, nikakubali alipe kidogo kidogo. Ukiwa na ufunguo mmoja uliosajiliwa kama mkuu, kuongeza wa pili ni kazi nyepesi: unauingiza wa zamani, mashine inaukubali, unautoa, unaingiza mpya na kusubiri kama dakika moja kisanduku kiusajili. Ukiwa huna hata mmoja, kazi inageuka. Kwenye gari kama hili utashusha kisanduku kutoka nyuma ya dashibodi, usome kumbukumbu yake, uhifadhi nakala kabla hujabadili chochote, uirudishe katika hali ya kisanduku kipya, ndipo usajili ufunguo wa kwanza. Kosa dogo la kuunguza saketi, na kisanduku kimekwenda. Hizo ni kazi mbili tofauti kwa bei, kwa muda na kwa hatari, na kinachozitenganisha ni kabari moja yenye urefu wa milimita 12.

Kusajili, si kunakili. Chipu za aina hii hutumia siri ya biti 40. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na wenzao wa maabara ya RSA walionyesha kwamba siri hiyo inaweza kuvunjwa, na leo zipo mashine za mezani zinazotoa nakala. Nakala ina faida yake: gari haliguswi kabisa. Lakini gari linaiona nakala na ufunguo wake wa asili kama kitu kimoja. Siku mmoja ukiibwa huwezi kuufuta huo ukabaki na mwingine. Kwa mwanamke anayeegesha gari uani bila geti, niliona usajili wa ufunguo wa pili wenye utambulisho wake ndio unaomfaa.

Kadi ya gari kabla ya mashine. Nilimfahamu mwalimu, nyumba yake na mpwa wake. Hata hivyo niliomba kadi ya gari na kitambulisho kabla ya kusajili ufunguo, nikalinganisha namba ya chesi na ile iliyopigwa kwenye bodi. Hakukasirika. Ufundi huu ukiutumia bila kuuliza gari ni la nani, unakuwa umemchongea mwizi njia, na polisi wakija watakukuta wewe kwanza. Kwa anayesema funguo zote zimepotea, naongeza taarifa ya upotevu kutoka polisi.

## Matokeo

Gari liliwaka na kuendelea kuwaka.  

Ufunguo wa pili ulichelewa. Ule wa kwanza kuletwa kutoka Dar es Salaam ulikuwa na herufi G imepigwa kwenye shina, yaani wa chipu ya Toyota za baadaye, na kisanduku kiliukataa kama kilivyopaswa. Shina lilifanana, ganda lilifanana. Duka lilibadilisha kwa basi lililofuata baada ya kupelekewa picha ya kipimio inayoonyesha aina ya chipu ya asili. Wa sahihi ulisajiliwa bila shida, betri ya msaada ikiwa imeunganishwa muda wote, kwa kuwa voti ikianguka katikati ya usajili unaweza kukiacha kisanduku nusu njia. Funguo zote mbili zilijaribiwa kwa kuwasha injini, kuzima, kusubiri taa ipepese, kisha kuwasha tena.

Fedha iliyotumika kwenye sensa na boksi ya mitumba ilizidi kwa mbali bei ya ufunguo wa pili pamoja na kazi yake. Mwalimu alipoteza pia siku za kazi, akipanda daladala na madaftari ya wanafunzi mapajani.

## Uchambuzi

Kilichochelewesha kisa hiki ni sentensi ya mwalimu: "rimoti inafungua milango." Ni kweli tupu, na kwa sababu ni kweli iliwazuia wote kuendelea kuuliza. Fundi wa kwanza aliisikia akauweka ufunguo pembeni. Mpwa aliiamini alipofungua milango uani. Nami nisingekuwa nimekutana na pete na chipu mara nyingi kabla, ningeiamini vilevile. Kwenye gari lenye immobilaiza, milango kufunguka ni habari ya milango.

Mvua nayo ilichangia. Huku kwetu pwani maji na chumvi vinakula waya kweli, na fundi wa Mtwara anayeanza kwa kutafuta kutu hajakosea. Tatizo ni pale maelezo mazuri yanapopatikana mapema, na kila kipimo kinachofuata kinasomwa kwa kuyathibitisha. Plagi bila moto ikasomeka kama maji. Kifaa kisichoona kodi kikasomeka kama boksi iliyokufa kwa maji. Hakuna kipimo hata kimoja kilichoonyesha maji: boksi ya asili ilipofunguliwa kifuniko ilikuwa kavu, bila doa.

Upimaji wa fundi wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko hitimisho lake. Aligundua moto na mafuta vimekosekana pamoja. Kutoka hapo kuna njia tatu: sensa ya krenki, kontrolo boksi yenyewe na umeme wake, na immobilaiza. Alizijua mbili. Ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote kuikagua, kwa kuwa jibu lake limeandikwa kwenye dashibodi kwa taa nyekundu. Tulipozungumza aliniambia hajawahi kufunzwa taa ile ni ya nini. Alidhani ni ya alamu. Namwelewa. Wengi wetu tulijifunza ufundi kwenye magari yasiyo na mfumo huu, na tuliowafundisha wamerithi tulichokuwa nacho.

Kununua boksi kabla ya kusoma kodi zote ndiko kulikogharimu zaidi. Boksi ngeni ilifunika ugonjwa wa kwanza kwa ugonjwa wa pili: hata kama chipu ingerudishwa siku ile, gari lisingewaka, na kila mtu angesema chipu haikuwa tatizo. Kifaa kinachohitaji kutambuana na wenzake hakifai kutumika kama kipimo. Kama boksi ya asili ingekuwa imerudishwa kwa muuzaji, tungekuwa na safari ndefu.

Kijana wa kibanda cha funguo nilikaa naye baadaye. Hakuwa mzembe. Alifundishwa kuhamisha bodi na shina, na kwa magari mengi yanayomfikia hiyo inatosha. Sasa ana kipimio chake, kile cha bei ndogo kinachosema ndiyo au hapana, na anapima ganda la zamani kabla ya kulifungua na jipya kabla ya kulikabidhi. Yale maganda mengine yaliyoitika ameyatenga kwenye mfuko wake, na wawili kati ya wenyewe wamepatikana kwa kuulizana na madereva wa stendi.

Kilichofanya kazi kwa upande wangu ni utaratibu wa kushika ganda bovu karibu na pete kabla ya kulikata. Ulithibitisha mambo mawili kwa pamoja, kwamba chipu ni ya gari hili na kwamba ni nzima, wakati bado ilikuwa salama ndani ya plastiki yake ya asili. Ningeikata kwanza ikapasuka, nisingejua kamwe kama ilikuwa ndiyo.

Boksi ya mitumba bado iko kwa mwalimu. Muuzaji hakuipokea, kwa madai kwamba imeshafungwa kwenye gari. Nimeifunga kwenye nailoni pamoja na karatasi yenye namba ya boksi, aina ya injini na maelezo kwamba ilitoka kwenye gari lenye immobilaiza, ili atakayeinunua ajue mapema kwamba atahitaji zile dakika 30 za pini ya 4 na ya 13.